Wietske na Sherehe Isiyo na Viti

Kwa miaka thelathini na mmoja Wietske Haanstra amekuwa akikaa meza ileile. Iko konani, ghorofa ya pili ya ofisi ya maji, nyuma yake nguzo, kushoto kwake dirisha la mfereji, na hakuna mtu awezaye kupita mgongoni kwake. Hapo ndipo anaposoma vina vya maji vya vituo mia moja na kumi na viwili vya jimbo zima la Friesland, Uholanzi, na anavijua kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake. Kituo kimoja hudanganya upepo ukivuma kutoka magharibi. Kingine huchelewa nusu saa majani yakiziba bomba. Wenzake humwita "kamusi ya maji," wakidhani anafurahi. Hafurahi wala hachukii, anachotaka ni waache tu kugonga meza yake kwa vidole wakipita.

Mwezi wa tisa wakaletewa barua pepe. Kuanzia tarehe mosi Novemba, hakuna meza ya mtu. Kila mmoja atafika asubuhi, atoe kompyuta yake kabatini, akae popote palipo wazi, na jioni aiache meza nyeupe pee. Wenzake walinung'unika siku mbili wakazoea. Wietske aliisoma ile barua mara tisa. Tangu hapo akawa anafika nyumbani hana nguvu hata za kuvua koti. Anaingiza baiskeli kibandani, anaketi juu ya kreti ya viazi, anakaa robo saa bila kufanya lolote, ndipo anaingia ndani kujichemshia supu.

"Meza ya kudumu inawezekana," ofisa wa wafanyakazi alimwambia, "ila mpaka daktari wa kazini aandike."

Daktari wa kazini, Bi. Terpstra, alimsikiliza dakika ishirini bila kumkatiza, kisha akatoa dodoso, akaliweka mezani. Kurasa nne, sentensi hamsini, na kila sentensi ina majibu manne: nakubali kabisa, nakubali kiasi, sikubali kiasi, sikubali kabisa.

"Hii ni ya kujipima mwenyewe," alisema. "Inaangalia dalili za usonji, zile nyepesi ambazo mtu anaweza kuishi nazo miaka hamsini asijue. Fomu peke yake haimhukumu mtu. Ila ukifika alama ishirini na sita, nakuandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu, na muda wote unaosubiri, meza yako haiguswi."

"Nikipata ishirini na tano?"

"Hapo nitakuwa sina cha kuwaandikia."

Mtu mwingine angeimaliza kwa dakika kumi. Wietske alikaa nayo wiki nzima. Chukua sentensi ya nne tu: *Mara nyingi naona vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni.* Mara nyingi kwa siku, au kwa mwaka? Na atajuaje kama wengine hawavioni, ikiwa hajawauliza? Basi Jumatatu akamshika mwenzake kwenye mashine ya kahawa, akamwuliza kama ameshawahi kuona kwamba kigae kimoja cha dari kimewekwa kinyume.

Yule bwana akaangalia juu, akamwangalia yeye, akaangalia juu tena. "Sasa ndiyo umefanya nini? Nitakiona kila nikija kunywa kahawa mpaka nistaafu."

Wietske akarudi mezani, akaweka tiki kwenye *nakubali kiasi*. Kusema *kabisa* hakuweza, kwa sababu alikuwa ameuliza mtu mmoja tu.

Sentensi ya ishirini na moja haikumpa taabu hata kidogo. *Sherehe za watu wengi hunichosha.* Sikubali kabisa. Aliijibu kwa moyo safi, na nyingine nne za aina hiyo akazijibu vivyo hivyo. Sherehe alizozijua yeye ni za siku za kuzaliwa, na siku ya kuzaliwa, kwao, ina utaratibu wake. Viti vimepangwa duara sebuleni. Unaingia, unaanzia kushoto, unampa kila mmoja mkono: hongera kwa mama yako, hongera kwa shemeji yako, hongera kwa jirani yako, maana kwao hapongezwi mwenye siku peke yake, wanapongezwa na wote wanaomhusu. Kisha unaketi kwenye kiti kilichobaki. Kahawa na kipande kimoja cha keki. Kahawa ya pili. Saa kumi na moja vipande vya jibini. Saa kumi na mbili kila mtu anashika koti lake. Hakuna anayehama kiti. Unaongea na wa kushoto, mkiishiwa unageukia wa kulia. Vijana wanasema ni kama kukaa mahabusu. Wietske hajawahi kuelewa wanalalamikia nini. Amehudhuria zaidi ya themanini, na hakuna matembezi mengine ambayo anajua tangu mlangoni yatakavyokwisha.

Alhamisi daktari akapiga simu. Ishirini na tatu.

"Pole sana, Bi. Haanstra."

"Hesabu ni hesabu," alisema Wietske, akakata simu. Siku ile kwenye kreti ya viazi alikaa saa nzima. Alijaribu kujiona Novemba, amebeba kompyuta, anatafuta mahali, watu wanampita kushoto na kulia na nyuma. Hakuweza kuifikisha picha ile hata saa nne asubuhi.

Jumamosi dada yake, Jeltje, alikuwa anatimiza miaka sitini. Jeltje ndiye mtu pekee aliyeambiwa habari za dodoso, na alikuwa amelimaliza suala zima kwa pumzi moja: "Usonji? We? We ni Haanstra tu. Baba naye hakuwa hivyohivyo?"

Wietske alifika saa tisa kasorobo, zawadi mkononi, akafungua mlango wa sebule, na hakukuwa na kiti hata kimoja. Nynke, binti wa Jeltje, alikuwa amekodi meza za kwenda juu, za watu kusimama kando yake, akazitawanya huku na huku.

"Karibu, mama mdogo," Nynke alisema. "Leo tunazunguka. Jisikie huru tu, zungumza na yeyote."

Yeyote ndiye nani? Hakukuwa na kushoto pa kuanzia. Aliwapongeza watatu wa kwanza, wakahama. Akampongeza mwingine, kumbe ni mmoja wa walewale. Mama mmoja alimwuliza habari za kazi, na Wietske alipofika kituo cha tatu cha maji, yule mama alikuwa ameshahamia meza nyingine na glasi yake. Sauti zote zilikuwa zimesimama wima, zimejaa chumba mpaka darini.

Dakika ishirini baadaye Jeltje alimkuta kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa katikati ya baiskeli, zawadi ikiwa bado mapajani.

"Mdogo wangu, watu wanakuulizia."

"Waambie nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Sijui. Hapo ndipo penye shida, sijui nilikuwa nafanya nini. Viti viko wapi, dada?"

"Chumbani kwa Nynke. Kasema viti ni mambo ya wazee."

"Sisi ni wazee."

"Nilimwambia hivyohivyo. Akanipa glasi." Jeltje akavuta boksi la zana akakaa naye. Miguu ilikuwa inamuuma, tangu saa saba hajaketi. "Umekuwa mweupe kama karatasi."

Wietske aliishusha zawadi chini, akasema, "Ya ishirini na moja nimeijibu vibaya. Na zile nne."

Akamweleza. Jeltje akaanza kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

"Kumbe miaka yote unakuja kwangu kwa sababu ya viti. Na mimi nilidhani unanipenda."

"Nakupenda," alisema Wietske. "Nakubali kabisa."

Jeltje akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Jumatatu mpigie daktari umwambie."

"Siwezi. Ukibadilisha jibu kwa sababu alama hazikutosha, huo ni udanganyifu."

"Nani kasema ubadilishe? Wamekuuliza sherehe hii, wewe umewajibu ile."

Wietske akalifikiria hilo huku nyumba nzima ikivuma upande wa pili wa ukuta. Alikiwazia kituo cha Tjerkwerd, ambacho miaka minne kilisoma sawasawa, sentimita kwa sentimita, lakini mafundi walikuwa wamekifunga upande usiofaa wa lango la maji. Kipimo hakikuwa na kosa.

Jumatatu hakupiga simu, maana simu anazichukia. Alikwenda mwenyewe na ukurasa mmoja aliouandika kwa penseli. Bi. Terpstra aliusoma mara mbili.

"Umekaa kwenye ndoo?"

"Dakika arobaini. Dada alikaa na mimi ishirini za mwisho."

Daktari akaivuta ile fomu, akaitazama kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. "Hili dodoso lilitungwa nchi nyingine, unajua. Huko wanasherehekea wamesimama. Huku wakatafsiri neno, viti hawakuvifikiria. Na mimi nimeshawapa watu sijui wangapi." Akavua miwani. Yeye naye alionekana amechoka, na ilikuwa saa tatu tu asubuhi. "Nitaandika alama zote mbili, za kwanza na za sasa, na ukurasa wako nitaubandika nyuma. Utaweka saini kwenye kila badiliko."

Zilikuwa ishirini na nane.

"Foleni ya mtaalamu ni miezi kumi na minne," daktari alisema.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutaona."

"Tutaona si tarehe."

"Basi Desemba, mwaka kesho."

Wietske aliiandika.

Tarehe mosi Novemba ofisi ilikuwa kama kituo cha treni. Watu walizunguka na kompyuta kifuani, wakiulizana nani amekaa wapi. Konani, kwenye meza iliyo kati ya nguzo na dirisha, palikuwa na kikaratasi: *Meza hii haihami.* Mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, *wala mwenyewe.* Wietske alikisoma, akakinyoosha pembe iliyokuwa imebanduka, akawasha kompyuta. Upepo ulikuwa wa magharibi, na kile kituo chake kilikuwa kinadanganya kama kawaida.

Jioni, juu ya kreti ya viazi, alikuwa amechoka vilevile, labda dakika mbili pungufu. Simu ikatetemeka. Ilikuwa Jeltje: siku ya kuzaliwa ya Nynke ni Februari, mama na binti wamegombana, viti sita vimeruhusiwa, na kimoja kitakuwa karibu na mlango.

Wietske akahesabu. Viti sita vinatosha duara, ukivisogeza kidogo. Akaandika, "Nitaanzia kushoto," akaendelea kukaa.