Mazizi Mawili kwa Sauti ya Dalali

"Mama mdogo, mbona baba mdogo akikuita huitiki mpaka aite mara ya pili? Umetia pamba masikioni?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yake mama mdogo, aliyebandikwa jina la Kwanini kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Kula kwanza," aliambiwa.

Kisa chenyewe kilianza kabla ya swali hilo. Mama mdogo alikuwa fundi wa mabango. La kinyozi, la duka la dawa, yote aliyachora kwenye kompyuta chumbani. Mumewe alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kuuza kabati bovu kwa maneno matupu. Kisha ugonjwa wa koo ukamnyang'anya sauti. Bahati nzuri, kabla ya upasuaji alirekodi maneno mengi, na programu moja ikayashona pamoja: akichapa sentensi kwenye kibodi, spika ya sebuleni inaitamka kwa sauti yake mwenyewe.

Siku moja kompyuta ile ikafa. Mpya ilikuwa nyembamba kama sahani, ila prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Programu mpya ya mabango ilielewana nayo. Ile ya sauti iliandikwa kwa prosesa za zamani, na walioitengeneza walishafunga ofisi.

"Mwekee sauti ya kisasa," fundi wa kompyuta alishauri.

Wakajaribu. Dalali akachapa, na kijana mmoja laini, asiyejulikana, akasema sebuleni: "Mke wangu, nina njaa."

Mama mdogo akaruka. "Nani huyo ananiita mke wake nyumbani kwangu?"

Mumewe akacheka kimyakimya mpaka machozi. Halafu akazima spika, asiiwashe tena. Akitaka kitu, anagonga meza. Hilo ndilo lililomkata maini mama mdogo: kugongewa meza kama mhudumu wa hoteli, na mtu ambaye zamani alimwita tangu getini.

Akarudi kwa fundi, akaonyeshwa kwamba mashine ina mkalimani wa ndani, anayeitafsiria prosesa mpya programu za zamani. Akasakinisha programu zote mbili mahali pamoja, akashangilia mapema. Sauti ilirudi jioni moja tu. Asubuhi programu ya mabango ikagoma kufunguka. Akaisakinisha upya, ikakubali, sauti ikakata. Kila moja ilitaka vifaa vidogo vya kuisaidia, vyenye majina yaleyale lakini vya prosesa tofauti, na kila iliyoingia ilivifuta vya mwenzake.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, mama," fundi akasema. "Chagua, mkate au mume."

"Nani kakwambia nina zizi moja?"

Akatengeneza folda mbili, moja ya prosesa mpya, nyingine ya zamani, kila moja na vifaa vyake vyote, hata vile vya kufanana. Akazichorea alama kwa mkono wake: fahali mweupe na fahali mweusi. Ukibofya mweusi, mkalimani anaamka, na kila kinachohitajika kinatafutwa zizini mwake tu.

Akabofya mweupe, kibao cha kinyozi kikafunguka. Akabofya mweusi, akawasha spika, kisha akaenda jikoni kusimama, hana hata cha kufanya huko.

Sebuleni vidole vya mumewe vikachapa polepole.

"Haya waungwana," spika ikanguruma, "mke mmoja, na huyu hauzwi!"

Akashika ukingo wa sinki. Hakuitika.

"We mama! Umelala huko?"

"Abee! Nakuja, baba, nakuja."

Miaka ikapita. Kwanini yuko sekondari sasa, anamenya viazi jikoni kwa mama mdogo, na bado anauliza. Sauti ikaita kutoka sebuleni. Kisu cha mama mdogo kikasimama, kiazi nusu kimemenywa. Ikaita tena, akaitika.

"Unaona? Mpaka leo!" Kwanini akasema. "Kwani ile ya kwanza huisikii?"

Mama mdogo akafuta mikono kwenye kanga.

"Naisikia, mwanangu. Ila ile ya kwanza huwa sisikii anasema nini. Nasikia tu kwamba sauti yake ipo."