Midomo ya Viluwiluwi vya Lambo la Makote

Nakumbuka Januari ya mwaka 1993, mwanangu, mvua zikiwa zimelijaza lambo letu la Makote. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nimehitimu kisomo cha watu wazima Novemba iliyotangulia, na tayari ni katibu wa kamati ya maji. Kalamu haikuniondoka sikioni.

Biashara huria ilikuwa imeingia. Kila mgeni mwenye kifaa tulimdhania ametumwa na tajiri kupima mali zetu, na huku juu uwandani hakuna mali kama maji. Akaja Hamisi, mwanafunzi wa chuo, akawa anachota viluwiluwi, anavitenga katika mabeseni mawili na kuvichungulia midomo kwa kioo cha kukuzia.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Tangu lini chura akatazamwa meno?"

"Vyura wa mitini wakiwa wadogo hufanana, Mama, wote kijani. Wakiwa bado viluwiluwi, mdomo huwasema ni wa aina gani."

"Mdomo wako ndio unaokusema wewe."

Nikamshitaki kwa serikali ya kijiji kwamba anatia dawa lamboni; afukuzwe. Jumamosi, tarehe 6 Februari, ili kumkomesha, nikamimina beseni moja ndani ya jingine. Kijana alichuchumaa kando ya kazi yake yote iliyovurugika.

Bibi Somoe, mkuu wa ukoo uliolichimba lambo, akaniambia mbele za watu: "Katibu, umesomea kuandika ulichokiona au ulichokiogopa? Kamata hicho kioo."

Nilipiga magoti mpaka adhuhuri. Vidomo vile, mwanangu! Katikati taya jeusi kama la kasuku, na vijino vimepangwa mistari: wengine mdomo wa juu una mstari mmoja, wengine minne. Nikavitenga upya mwenyewe kwa mistari hiyo, Hamisi asiguse, maana bado sikumwamini. Mabeseni yakafungiwa ofisini, ufunguo shingoni mwangu, nikivilisha mimi. Vikaota miguu. Beseni moja likatoa vyura wembamba wa kwenye matete. Jingine, wanene wenye macho makubwa. Hakuna hata mmoja aliyekosea beseni.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kushuku sikukatazi, mimi mwenyewe nashuku hata leo. Lakini shaka isiyokubali kupimwa ni uzushi. Chungulia kwanza, ndipo ushitaki. Na ukikosea, kiri hadharani, kwa sauti ile ile uliyoshitakia. Mungu akujalie jicho kali na ulimi mzito.

Mimi nilikiri Jumanne, tarehe 27 Aprili 1993, mkutano wa kijiji ulipolifuta shitaka langu. Na muhtasari niliuandika kwa mkono wangu.