Kitambaa Chenye Bitana

Nianze na la aibu: nilimwonea mdogo wangu wivu. Haukuwa wivu wa kupita njia. Ulikaa, ukawa na kiti chake mezani, ukala nasi.

Tulizaliwa Dzamandzar, kwenye kisiwa cha Nosy Be, mimi mwishoni mwa miaka ya sabini, yeye miaka mitano baadaye, wakati kiwanda cha sukari kilikuwa bado kinatoa moshi. Baba alikuwa fundi umeme wa kiwanda. Alipohisi siku zake zimekaribia aligawa zana zake mwenyewe: mimi nikapata koleo na bisibisi, mdogo wangu akapata mita ya kupimia umeme. Mita! Bisibisi hata muuza samaki anayo. Kiwanda kilipofungwa nilihamia Hell-Ville na mama, nikawa natengeneza redio na feni kwenye chumba cha nyuma. Yeye alichukua mita yake akaenda Mahajanga, akafungua duka la kompyuta.

Nilipomtembelea mara ya kwanza alinionyesha kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, ndani ya kasha dogo lisilozidi bati la biskuti. Nikamwambia ni nzuri. Kisha nikasingizia koo linaniwasha, nikatoka nje. Niliporudi kisiwani sikuwa na mazungumzo mengine siku tatu nzima. Kila sahani mama aliyonitengea ilipoa huku nikieleza jinsi mashine ile ilivyo ndogo, na jinsi bahati inavyojua nyumba ya kuingia.

Haukupita muda, mama akaanza kushona. Alikuwa mshonaji wa vitambaa vile vya kwetu Nosy Be, vyeupe, vinavyokatwa matundu ya maua na kuzungushiwa uzi, ambavyo wanawake huvianika kwenye kamba ili wageni wavione. Hiki hakikuwa cha wageni. Kilikuwa cha kufunika mashine ya mdogo wangu. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa maji una chake. Alipokimaliza alinipa mimi nikipeleke. Nilikipakata kwenye boti hadi Antsahampano, na kutoka hapo safari yote ndefu ya barabara hadi Mahajanga, nikikichungulia kila gari liliposimama. Miaka yote ile niliyotengeneza redio za watu, mama hakuwahi kunishonea hata kitambaa cha kufutia vumbi.

Ndipo nikaapa kwamba nami nitaunda yangu, na kitambaa nitakipata.

Ilinichukua miaka minne. Vipande nilivikusanya kimoja kimoja, vingine vipya, vingine kutoka kwenye mashine zilizokufa. Nilitaka kasha langu liwe dogo kuliko lake, na nililipata, na hapo wivu uliniponza, maana ndani ya kasha dogo hakuna nafasi ya vidole wala ya hewa. Nyaya zilijikunja humo kama utumbo wa kuku. Feni ilikuwa moja tu, imekaa juu, ikitoa hewa ya moto kupitia matundu ya mfuniko. Pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha mashine umeme, ya kuenea humo sikuipata kisiwani. Nilimeza kiburi nikamwagiza mdogo wangu, naye akaileta haraka, bila maneno, bila kutaka kitu. Ukarimu wake nao ulinichoma.

Siku ya kwanza haikuwaka kabisa. Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena, mpaka nikagundua ubao mkuu unagusa bati la kasha kwa sababu nilisahau kuuwekea viguu viwili vya shaba. Nikaviweka. Feni ikazunguka, herufi nyeupe zikatokea kwenye kioo, nami nikapiga ukelele, mama akaja mbio na upawa mkononi. Akasema mashallah. Kisha akauliza jambo moja.

"Tutamwona mdogo wako humu?"

Nikasema tutamwona.

Nilikuwa nimetaka neno moja tu kutoka kwake, kwamba mashine hii kaiunda mwanangu mkubwa, nayo ni kama ile. Hakulisema. Ila wiki chache baadaye, siku niliyoihamishia mashine sebuleni, nilikuta juu yake kitambaa. Cheupe, cha maua, kipya. Changu. Nilikipima kwa jicho nikaona ni kikubwa kuliko cha Mahajanga. Tena cha Mahajanga kilikuwa matundu matupu, na hiki kilikuwa na bitana, nguo nzito ya buluu iliyoshonewa chini yake. Bitana ile niliihesabu kuwa ushindi.

Mashine ikaanza kuzima.

Kila Ijumaa baada ya sala mdogo wangu alikuwa akipiga simu ya picha. Mama alivaa kanga safi, akakaa mbele ya kioo, wakaanza kuulizana afya. Dakika ishirini hivi, paf, giza. Ijumaa ya pili vilevile. Niliondoa kitambaa, nikakikunja kwa adabu, nikaipeleka mashine chumbani kwangu, ikafanya kazi asubuhi mpaka alasiri bila kukohoa. Niliirudisha sebuleni, mama akaivisha kitambaa chake, mdogo wangu akatokea kwenye kioo, paf.

Nilibadilisha vipande vya kumbukumbu. Nilipaka upya dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni. Nililaumu umeme wa mji, nikahamia soketi nyingine. Wala sikukosa wa kumlaumu zaidi. Mashine inakubali uso wangu na kukataa uso wake, nifikiri nini? Nilifikiri pawa saplai aliyonipa ni mbovu, na kwamba ananicheka. Bisibisi yangu haikuweza kunithibitishia, na mita alikuwa nayo yeye.

Wakati huo mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, na akika ikapangwa Ijumaa iliyokuwa inakuja. Magoti ya mama hayakuweza tena boti wala barabara. Angeishuhudia kwenye mashine yangu, au angepelekwa kwa jirani mwenye kompyuta ya mkononi, na mtaa mzima ungejua kwamba ya fundi imeshindikana. Zikiwa zimebaki siku mbili nilimpigia mdogo wangu.

Aliniita zoky, kama tunavyowaita wakubwa kwa Kimalagasi, na hakucheka. Aliuliza kama mashine inapiga mlio kabla ya kuzima. Haipigi. Kama kasha linakuwa la moto. Ndiyo, ila sebuleni tu. Feni inatolea wapi? Juu.

"Zoky, mama amekushonea kitambaa?"

"Amenishonea," nikasema, na sikuweza kuizuia sauti yangu kujivuna. "Kina bitana."

Hapo ndipo alipocheka. "Kivue, ndugu yangu. Changu kiliniulia mashine mara tatu siku ya kwanza, na hicho kilikuwa matundu matupu. Kiko kabatini tangu siku ile. Nikitaka kumpigia mama nakitoa, tukimaliza nakirudisha. Usimwambie, tafadhali."

Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuwa nikiikunja kwa mikono yangu. Sikuishuku hata mara moja. Ningeishukuje? Nilikuwa nimeisubiri miaka minne.

Lakini sitasema uongo, furaha iliyonipanda haikuwa ya fundi aliyeona ubovu. Ilikuwa ya mtu aliyeokota silaha. Kitambaa cha mwana mpendwa kilikuwa kabatini na viatu vya zamani! Nilimfuata mama jikoni hapohapo.

"Mama, vitambaa hivi vinaziba pumzi ya mashine. Ndivyo vinavyoizima. Hata kile ulichompa mwanao wa Mahajanga..."

"Kile kilikuwa na kazi yake," akanikata.

Alikuwa anachagua mchele, na hakuinua kichwa.

"Ulirudi kutoka Mahajanga ukaieleza mashine ile siku tatu. Hukula. Nikasema moyoni, kitu hiki kimeshaingia kwenye jicho, nikifunike." Akatoa kijiwe akakiweka pembeni. "Nikakupa wewe ukipeleke, ili mkono wako uwe ndio uliokifunika."

Kwetu Kiswahili kimebaki vipande vipande, vya msikitini na vya bandarini, lakini neno hasidi kila mtu analijua, hata asiyejua jingine. Mama hakulitamka. Aliniacha nilifikie mwenyewe.

"Na hiki changu?" nikauliza. "Hiki nani atakionea kijicho?"

"Hiki nilikushonea wewe. Ulikuwa unakitaka."

"Na bitana?"

Sasa akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama anavyouangalia mchele, kujua kama mawe yamekwisha.

"Matundu hupitisha jicho, mwanangu. Na mwaka huu mdogo wako atakuja humo ndani na mtoto mchanga."

Nilirudi sebuleni nikasimama mbele ya mashine. Miaka minne nilikuwa nimekionea wivu kitambaa kilichoshonwa kwa sababu ya wivu wangu, nikakililia mpaka nikapewa changu, nacho kikaja na bitana. La kabati sikulisema tena. Sikulinyamazia kwa wema. Sikuwa na uso wa kulisema.

Ijumaa nilikikunjua kitambaa nikakitandika chini ya mashine badala ya juu. Mama alikitazama, akafikiri, akasogeza kiti chake kikawa kati yangu na kioo, akakaa. Mdogo wangu akatokea, nyuma yake kabati lake, na juu ya mashine yake ya zamani kitambaa cheupe kimetandazwa vizuri, mashine yenyewe haijawashwa. Wakanyoa nywele za mtoto. Wakasoma dua. Mtoto alilia, mama akacheka akilia, akamwita jina lake mara ya kwanza. Dakika ishirini zikapita, arobaini zikapita, na feni yangu ilizunguka bila kukwama, ikitoa hewa ya moto juu kama inavyotakiwa.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya mama, nikiisikiliza mashine kama fundi. Kazi ilikuwa nzuri. Na nilikuwa bado nangoja izime.