Pointi Mbili za Nyumbani

Enzi zetu, mchezo ulihitaji vitu vitatu tu: chupa, mchanga, na soksi ya mtu ambaye bado hajajua kuwa imeibwa. Soksi tuliishindilia matambara na mifuko ya nailoni, tukaikaza kwa kamba ya katani, na hapo rede ikaanza. Mnakumbuka? Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, mmoja yuko katikati anakwepa, na huku anakwepa anachota mchanga anajaza chupa. Akiguswa, ametoka. Akijaza chupa, mwenzake aliyetoka anarudi. Vumbi lilikuwa linapanda mpaka puani, na jasho la shingoni lilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi, maana hakuna mama wa Tanga aliyemtoa mtoto nje bila kumpaka.

Mtaani kwetu tulikuwa na sheria moja ya ziada. Kando ya uwanja tulichora duara, tukaliita nyumbani. Ukizidiwa unakimbilia nyumbani, na ukishaingia hakuna wa kukugusa. Unahema, unavuta gauni vizuri, wenzako wanakuhesabia mpaka kumi, unarudi vitani. Sijui kama mitaa mingine walikuwa nalo duara hilo. Dada yangu Mwanaidi anadai tulilibuni kwa ajili yangu kwa sababu nilikuwa mzito. Huenda anasema kweli. Mimi kumbukumbu zangu siziamini sana, na elimu yangu iliishia la saba, kwa hiyo mkiona nimekosea mnivumilie.

Kwa kuwa nilikuwa mzito, nilipewa kazi ya kuhesabu. Nilishika kipande cha mkaa, nikachora vijiti kwenye ukuta wa jirani, na jirani akitoka na ufagio tunahama ukuta. Siku moja mpira ulimgusa Mwanaidi pindo la gauni. Nikamtoa.

"Limeguswa gauni, sikuguswa mimi!" akapiga kelele.

"Na ndani ya gauni yupo nani?" nikamuuliza.

Hakusema nami siku mbili, na asubuhi ya kwanza akanilia andazi langu mbele ya macho yangu. Nikaenda kumlilia mama. Mama alikuwa anapakua mbaazi za nazi, hata hakugeuka. Akasema, "Ulimtoa kwa haki?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi bora ulale na njaa kuliko kushiba cha mwenzio." Andazi sikurudishiwa. Nilibaki na maneno, na kwa kweli siku ile ningechagua andazi.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya Jumamosi iliyopita.

Naishi Rosettenville, hapa Johannesburg, nashona sare za shule. Mwanangu Salimu ana miaka kumi na saba na alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia vizuri sana, hasa nikiwa namsema kwa simu kwa mama yake mkubwa, ila akijibu anajibu Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Simlaumu. Mdomo unafuata rafiki. Lakini kuna jioni tunakaa mezani, mimi nasema maneno kumi, yeye anasema "Sharp, Ma", yaani sawa Mama, chakula kinaisha.

Mwaka huu akaingia kwenye timu ya mpira wa Kimarekani. Siyo huu wetu wa mguu. Huu mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai, na wachezaji wanavaa kama mafundi wanaokwenda kuchomelea mageti: kofia ngumu, vyuma usoni, magodoro mabegani. Sisi tulicheza magoti wazi, ukichubuka unapakwa majivu. Hawa wa leo, kabla ya kuanguka mara moja wanavaa kwa nusu saa. Lakini niwe mkweli, nimewaona wanavyogongana, na ningekuwa mimi ningeomba magodoro mengine mawili.

Nikajiambia, Tatu, kama mtoto haji kwenye Kiswahili chako, nenda wewe kwenye mpira wake. Nikaanza kwenda uwanjani kila Jumamosi na daftari. Nilienda na jirani yangu Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi, mtu wa kelele nyingi na moyo mzuri. Siku ya kwanza tu aliruka kwenye kiti.

"Ee, Maman Salimu! Angalia, balimuangukia mutoto yako, batu munane! Huu ni muchezo ama ni vita?"

"Ni mchezo, Maman Furaha."

"Sasa kama ni muchezo, vita yabo itakuwa namna gani?"

Shida yangu ilikuwa pointi. Mpira wa miguu goli ni moja, hata bibi kipofu anaelewa kwa kusikia kelele. Hapa mtu anafunga, ubao unaruka sita. Mwingine anapiga teke, inaruka tatu. Kocha wao, Themba, kijana mpole, alinieleza mara nne, na mara zote nne niliitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mwisho nikazipanga kwenye daftari kwa lugha ya sufuria. Kubeba mpira mpaka kuvuka mstari wa mwisho wa wenzako ni sita: hiyo ni pilau. Ukishapata pilau unapewa nafasi ya kuongeza. Ukiupiga mpira teke ukapita katikati ya zile nguzo unapata moja, hiyo ni kachumbari. Ukijiona shujaa, ukaacha teke na kuuingiza tena kwa kukimbia, unapata mbili: sahani ya pili. Na timu ikiona leo pilau haiwezekani, inapiga teke kutoka mbali, ukipita nguzoni ni tatu: chai na mkate, ulale hujafa njaa.

Nilipomsomea Salimu, aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Akacheka, akasema nimepatia. Hiyo jioni alisema maneno zaidi ya kumi. Niliyahesabu.

Kulikuwa na ya tano pia. Kocha aliniambia mtu akiangushwa na mpira nyuma ya mstari wa upande wake mwenyewe, wenzake wanapewa mbili. Niliiandika, lakini nadhani haikuniingia. Kalamu iliandika, kichwa kikakataa.

Basi, Jumamosi. Timu ya Salimu ilikuwa haijashinda hata mechi moja tangu mwaka uanze. Walikuja vijana wa Midrand, wapya kabisa, kwa mechi ya kirafiki. Mwamuzi mmoja, filimbi moja, ubao mmoja wa chaki. Kocha akanijia mbio.

"Eish, Mama, mtu wetu wa ubao hajaja. Wewe una daftari. Shika chaki."

Mara ya mwisho nilikuwa na kipande cha mkaa. Lakini Salimu alikuwa ananitazama, nikashika.

Ikaenda vizuri, hata mimi nilijishangaa. Wetu wakapata pilau na kachumbari, saba. Midrand wakanywa chai mara mbili, sita. Baada ya mapumziko Midrand wakapata pilau na kachumbari yao, kumi na tatu. Kisha ikaja ile zamu. Salimu kapewa mpira, kageuka kukwepa, kazidiwa, akarudi nyuma mpaka kwenye ile sehemu ya mwisho ya upande wao. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikasema kimoyomoyo, amefika nyumbani, amepona. Wakamwangusha palepale. Mwamuzi akainua mikono juu ya kichwa, viganja vimekutana. Nami nikadhani anamshukuru Mungu kwamba mtoto hajaumia, nikaitikia amina. Kocha alikuwa amegeuka anamfunga kijana mwingine kifundo cha mguu. Mchezo ukaendelea.

Dakika za mwisho Salimu akaubeba mpira upande mzima wa kulia, kama anafukuzwa na nyuki, akavuka. Sita. Teke likapita. Wetu kumi na nne, Midrand kumi na tatu. Filimbi. Maman Furaha akafungua kitenge chake akawa anakipepea. Vijana wakabebana. Mwanangu alikuwa amevua kofia, lakini yeye hakurukaruka sana. Nilidhani kachoka.

Nikakaa kumalizia daftari langu, na kwa furaha nikamuuliza Kocha, "Yule mwamuzi ni mcha Mungu sana, eti? Katikati ya mechi anaomba dua." Nikamwonyesha, viganja juu ya kichwa.

Kocha akaacha kucheka. "Lini?"

Nikamsomea nilivyoandika: Salimu amefika nyumbani, amepona.

Alinitazama, akautazama ubao, akawatazama vijana wake. Akanieleza taratibu kwamba ile ndiyo ishara ya zile pointi mbili za kuangushwa nyuma ya mstari wako. Midrand kumi na tano. Hakuniambia nifiche, hilo nalisema kwa haki yake. Alisema tu, "Hawa wa Midrand ni wageni, naona hata wao hawakujua." Chaki ilikuwa mkononi mwangu.

Sitajisifu. Nilikaa pale. Nilimwona mwanangu amebebwa juu, na nilijua hata jioni hiyo mezani tungekuwa na maneno mengi, mazuri, yote ya ushindi. Nani angenidai? Ila nikahisi Mwanaidi ananilia andazi langu upya, na mama hageuki. Nikainuka nikamwambia mwamuzi. Akajipiga paji la uso: alionyesha ishara, lakini ubao hakuutazama. Nikafuta tatu, nikaandika tano.

Kijana mmoja wa Midrand akauliza mwenzake, "Tumeshinda?" Maman Furaha akakunja kitenge chake polepole, akaninong'oneza, "Maman Salimu, ungengojaka kwanza bakule nyama ya braai."

Tulirudi kwa miguu, mimi na Salimu. Tukasimama kwenye robot ya pale kona, ndivyo wanavyoita taa za barabarani hapa, taa ikiwa nyekundu. Nikasema, "Nisamehe, baba. Nilikunyima ushindi wako."

"Mama," akasema, na akaendelea kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mimi nilijua. Niliona ubao. Nilifikiri wewe... unanisaidia kwa sababu mimi ni mtoto yako. Nikaona aibu. Lakini sikusema."

Taa ikawa kijani, tukasahau kuvuka.

"Sikukusaidia," nikamwambia. "Nilidhani umepona. Kwetu mtu akifika nyumbani hapigwi." Nikamweleza palepale, rede, chupa, soksi ya wizi, duara, kuhesabu mpaka kumi. Alicheka mpaka akaishika nguzo ya robot. Akataka kujua pointi: chupa ikijaa ni ngapi? Na gauni likiguswa? Nikamwambia gauni ndilo lililonigharimu andazi. Kuhusu gauni alikuwa upande wa mama yake mkubwa Mwanaidi. Tukabishana mpaka mtaani kwetu, yeye na Kiswahili chake cha mawe, mimi na sheria zangu za mkaa.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Sisi tulicheza bila viatu, na tulikuwa na duara ambalo ukiingia dunia nzima inasimama. Watoto wetu wana kofia ngumu na magodoro, na mchezo wao unasema hata nyumbani kwako mwenyewe ukianguka unalipa. Labda wao wameambiwa ukweli mapema kuliko sisi. Mji huu nao hauna maduara mengi. Lakini nikiulizwa mchezo upi ulikuwa mtamu, nitajibu wetu, na nakiri kwamba mimi ni shahidi mwenye upendeleo.

Tulipofika, Salimu aliliangusha begi lake mlangoni, akaingia, akasimama katikati ya sebule na tope lake lote. Akanyoosha mikono.

"Nimefika nyumbani, Mama. Hesabu."

Nikahesabu. Na kwa kuwa nimeahidi kusema haki, nakiri: pale kwenye tisa nilikaa sana.