Katuni Niliyoizima Bukene

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye gari la sinema la serikali, miaka michache baada ya uhuru, Bwana Sinema wa mkoa alinikabidhi kitambaa cha kufutia lenzi akaniambia, "Usiguse kingine mpaka nikuambie."

Nilianza kwa kubeba jenereta na kurudishia mikanda kwenye rili, yale magurudumu ya bati. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kuendesha projekta, na kuwasimulia watu kwa Kinyamwezi yanayoonekana. Tulizunguka na gari Nzega, Igunga na vituo vya reli.

Kabla ya filamu ya malaria au ya pamba tulitanguliza katuni fupi, ili watu watulie. Moja ilionyesha watu weusi kisiwani: midomo kama sahani, mifupa puani, wanamchemsha mgeni chunguni. Mimi nilicheka kuliko wote, tena nikaongezea vichekesho vyangu kwenye kipaza sauti.

Bukene tulionyesha mchana, ndani ya ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Bibi mmoja mkulima, aliyekaa mbele, akaniuliza, "Mwanangu, hao ni watu au nyani?"

"Ni watu, bibi."

"Wa wapi?"

"Wa huku kwetu. Afrika."

Akaitazama tena picha. "Aliyewachora alituona wapi?"

Nikazima projekta, nikaweka rili ya filamu ya malaria.

Habari zilitutangulia Tabora. Bwana Sinema alikuwa akinisubiri ofisini.

"Kazi yako ni kuonyesha, si kuchagua!"

"Mzee, yule bibi ningemjibu nini?"

Alinipeleka stoo, nikakaa mwaka mzima nikiunga kwa gundi filamu zilizokatika.

Bwana Sinema aliyemfuata alinikuta humo, akauliza kosa langu. Nilipomweleza, akataka aione hiyo katuni. Nikaionyesha ukutani. Aliitazama mpaka mwisho.

"Irudishe makao makuu," akasema. "Nitaandika barua mwenyewe. Na wewe rudi kwenye gari."

Nilibaki kwenye gari hilo mpaka nilipostaafu. Sasa nakaa Ipuli, hapa Tabora, na vijana wanaojifunza kuchora katuni huja kuniuliza habari za mashine zile. Nikifika kwenye kisa cha Bukene hunisifu kwa kuizima. Sifa hiyo siipokei. Kabla ya Bukene nilikuwa nimeionyesha vijiji vingi, na siamini kwamba yule bibi ndiye wa kwanza kuumia. Wengine walinyamaza tu, kwa sababu aliyeshika kipaza sauti alikuwa mtoto wao, naye alikuwa anacheka.