Vigingi vya Chuo

Juzi nilienda kampasi ya huku Kajiado kuchukua cheti cha mdogo wangu, miguu ikakataa langoni. Askari akauliza kama niko na kitambulisho. Niko nacho, nikamwambia, nipe tu dakika moja. Wacha nikuambie kilichonishika, rafiki yangu, ukitaka uninunie.

Hiki chuo unachokiona na kampasi kila mji kilianza kwetu na vyumba viwili vya kukodi Kitengela, juu ya duka la mbegu. Wanafunzi walipojaa, kikatafuta ardhi huku ndani, na wazee wakakipa kipande cha malisho. Nyanya yangu alikubali kwa sharti moja: silanga, lile bwawa letu, ibaki nje ya ua. Ng'ombe wetu walinywa hapo, na kiangazi hatukuwa na maji mengine karibu. Wapimaji wakapiga vigingi vyekundu, silanga ikabaki upande wetu.

Nilikuwa na miaka tisa, nachunga ndama. Vile vigingi vilikuwa vimenyooka, vimechongwa ncha vizuri. Niling'oa vinne nikavipigilia ng'ambo ya silanga, upande wa kwetu, kwenye nyasi mbichi, nikafungia ndama zangu.

Jioni tukinywa chai ya maziwa, moshi ukituwasha macho, jirani aliyehamia kutoka Kiambu akaleta githeri na habari: anayegusa vigingi anafungwa. Asubuhi nilikimbia kuvirudisha, nikakuta mbuzi wamekanyaga mashimo yote, hayaonekani tena. Nikaviacha palepale. Wiki nzima nikisikia gari, nakimbilia vichakani.

Waliokuja hawakuwa wapimaji. Walikuwa mafundi wa ua, na wao walifuata rangi nyekundu tu. Kufika saa sita silanga ilikuwa ndani ya waya. Nyanya aling'oa nyasi, akamnyooshea msimamizi wao, vile sisi huomba amani. Yule mgeni akazitazama.

"Mama, mimi sina ng'ombe," akasema, akaendelea na kazi.

Nyanya akanigeukia. "Nakerai, wewe ndiye ulikuwa unachunga hapa. Kuna mtu uliona akigusa vigingi?"

"Sikuona, Koko."

Akaniamini. Kiangazi hicho tuliuza ng'ombe karibu wote, waliobaki tukawahamishia Bisil. Silanga ilishafukiwa, juu yake kuna maktaba, na watoto wetu wanasoma humo. Nyanya alikufa akiwalaani wapimaji wa chuo, na mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono.