Mponda kokoto wa Didia anayefukia shimo alilolichimba

Saa kumi na mbili asubuhi, mvua imekatika muda mfupi uliopita, na Mageni Maige anateremka machimbo ya zamani ya kokoto nusu akitembea, nusu akikimbia. Gambuti zinanata kwenye tope. Kwenye kila tuta anasimama, anainama, anashika nyasi na kuzivuta.

Hazing'oki.

"Zimeshika," anasema, na tayari yuko tuta linalofuata. "Hata hizi zimeshika. Njoo uvute mwenyewe."

Mvua iliyonyesha usiku kucha ni kubwa ya kwanza msimu huu hapa Didia, Shinyanga Vijijini. Kwa majirani ni habari ya kupanda mahindi. Kwa Mageni ni mtihani. Msimu uliopita mvua kama hii ilisomba miche yake yote, pamoja na udongo aliouleta kwa mkokoteni wa ng'ombe kiangazi kizima.

Mageni (47), mama wa watoto wanne, aliponda kokoto hapa hapa kwa miaka tisa, akimuuzia mkandarasi wa barabara kwa ndoo. Barabara ilipokamilika, mkandarasi aliondoka na mitambo yake. Likabaki shimo la ekari tatu lisilo na hata kivuli.

"Watoto wangu walisoma kwa mawe yale, kwa hiyo sipatukani," anasema. "Lakini ng'ombe wakaanza kutumbukia. Wa kwangu alivunjika miguu, tukamchinja huko huko chini. Jioni ile nikamwambia mume wangu, tusipolifunga hili shimo litachukua mtoto."

Serikali ya kijiji ilimruhusu ajaribu, ila kwa sharti: kama mvua za mwaka huu zingekuta bado ni mawe matupu, eneo lingepewa mchimbaji mwingine aliyekwisha kuliomba.

Mwanzo ulimkatisha tamaa. Alipanda miche ya migunga moja kwa moja kwenye changarawe; ikakauka. Alipoleta udongo, ukaondoka na maji. Ndipo Herman Deusdedit, ofisa misitu wa eneo hilo, alipomshauri aache miti kwanza, achonge matuta ya kukinga maji, kisha apande nyasi zishike udongo.

"Ushauri ni maneno tu," anasema Herman. "Kuzunguka kwenye mazizi ya watu kuomba samadi na kuibeba kichwani, hapo ndipo wengi wangeacha."

Aliyempinga kuliko wote ni mfugaji Masele Mwigulu, ambaye ng'ombe wake walizoea kukatiza machimboni kwenda kunywa maji. Mwaka jana ugomvi wao ulifika kwa mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi hii yeye ndiye wa kwanza kufika, fimbo mkononi.

"Mwangaluka, Mama Esta," anamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Martina. Umeleta ng'ombe?"

"Nimewaacha zizini. Nimekuja kuona kama umebaki na kitu."

Masele anachuchumaa, anachimbua udongo kwa kidole, anaunusa. Maji yametulia nyuma ya matuta. Katikati ya nyasi, miche ya migunga imesimama.

"Mkutano wa kijiji ni leo alasiri," anasema hatimaye. "Mimi nitasema pawe ngitili."

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga ili yaote, na kuyafungua wakati wa ukame. Mageni anageuka na kujifuta uso kwa ncha ya kanga.

Alasiri, Masele anatimiza neno lake. Anasimama kabla ya mwenyekiti kumaliza kueleza ajenda. Baada yake mikono inainuka, safu baada ya safu, na mchimbaji anayesubiri jibu anaambiwa akatafute mawe kwingine. Wanawake wanapiga vigelegele. Mageni anacheka hadi anakaa chini.

Hapumziki muda mrefu. Ng'ambo ya barabara kuna shimo jingine, kubwa kuliko hili, na mwenyekiti ameshamwambia anaweza kulianza.

"Kesho nahamishia nyasi huko," anasema, akionyesha kwa mkono. "Natamani siku moja wajukuu wangu waambiwe kwamba hapa palikuwa na mashimo, halafu wabishe."